Makofi ya Bula Iftin

Simu zote zilitiwa ndani ya beseni la plastiki pale mlangoni, na msichana wa miaka kumi na mmoja hivi akawekwa kulilinda. Alikalia kigoda, beseni mapajani, uso hauna mzaha hata kidogo. Ndani ya uwanja, chini ya turubai lililofungwa kati ya mwarobaini na ukuta wa mabati, wanawake walikuwa wamekwisha kuvua mabuibui. Chini yake walivaa dirac, vazi lililo ndugu ya dera letu la Pwani, ya manjano, ya samawati, ya waridi, mepesi kama moshi wa udi. Huu ulikuwa mtaa wa Bula Iftin, mjini Garissa, saa kumi alasiri, na joto lilikuwa bado linapanda kutoka mchangani. Jukwaa halikuwapo wala kipaza sauti. Palikuwa na ngoma moja, jerikeni tupu la lita ishirini, na kina mama kama sitini.

Ajuza mmoja, ambaye kila mtu alimwita ayeeyo, yaani bibi, alisimama akaikaza shuka yake begani. Alisafisha koo. Kisha akatoa mstari mmoja mrefu, sauti kavu na ya juu, bila ala yoyote, na uwanja mzima ukanyamaza kumsikiliza. Mstari wa pili ulipoisha ngoma iliingia, na makofi yakaifuata.

Nami nikapiga makofi, nikakosea. Nimelelewa Mombasa, kwenye vugo na dufu, na nilidhani harusi haina la kunifundisha. Viganja vyangu viligonga pamoja na ngoma, palepale ngoma ilipotua. Vya wenzangu viligonga baadaye kidogo, katika uwazi ule ambao ngoma ilikuwa imeuacha nyuma. Mama aliyekaa kushoto kwangu alinishika vifundo vya mikono akavizuia hewani.

"Abaayo, usikimbilie," aliniambia. "Iache ngoma ipite, halafu wewe uingie."

Abaayo ni dada. Alinishika hivyo kwa mapigo kama manane, kisha akaniachilia. Nilichojifunza katika mapigo yale manane ndicho kilichonituma kuiandika sura hii.

Kutoka Nairobi hadi Garissa ni takriban kilomita 370 za lami, kupitia Thika na Mwingi, na ardhi hukauka mbele ya macho ya msafiri hadi ibaki michongoma na anga. Halafu unafika Madogo, unavuka daraja la mto Tana, na upande wa pili mji umeanza. Wengi waliolivuka daraja hilo kwa kazi ya serikali waliandika habari za ng'ambo yake kama habari za ukame, bunduki na mifugo. Mifugo ni kweli, maana soko la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki. Lakini katika masimulizi ya nchi yetu, Garissa, Wajir na Mandera zimekaa kama nchi isiyo na wimbo. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu karibu milioni mbili na nusu katika kaunti hizo tatu. Watu milioni mbili na nusu hawawezi kuoana, kuzaa, kuzika na kuhama bila kuimba.

Na mto wenyewe unapinga masimulizi hayo. Wapokomo wameishi kwenye kingo za Tana tangu zamani, na ni wimbo wao wa kumbembeleza mtoto uliochukuliwa 1963 ukatungiwa maneno mapya, ukawa wimbo wa taifa wa Kenya. Kila bendera inapopandishwa kutoka Busia hadi Lamu, tunasimama wima kwa sauti ya mama wa mto huu akimlaza mwanawe. Sijui nchi nyingine iliyochota wimbo wake mkuu mahali ilipopasahau kiasi hiki.

Ngoma iliyonishinda pale Bula Iftin ni ya ukoo wa dhaanto. Dhaanto ni mchezo wa Wasomali wa nyika, hasa wale wa eneo la Ogaden na Jigjiga huko Ethiopia, na watu wa Garissa wana nasaba na malisho ya pamoja na huko, kwa hiyo hawakuhitaji kuuazima kwa mtu. Katika umbo lake la uwanjani, wanaume na wanawake husimama kwa safu zinazotazamana, wakasogea na kurudi, mabega yakipanda na kushuka, shingo zikinesa. Wazee husema ni mwendo wa ngamia. Mtu aliyepata kumtazama ngamia akitembea atakubali: huinua miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kisha ya upande wa pili, kwa hiyo mwili mzima huyumba, na mzigo uliofungwa mgongoni huchelewa kidogo kuufuata mwili. Uchelewaji huo wa mzigo ndio makofi ya dhaanto. Husimuliwa pia kwamba Sayyid Mohamed Abdullah Hassan, aliyepigana na Waingereza, Waitalia na Wahabeshi kwa miaka ishirini hadi ngome yake ya Taleex iliposhambuliwa kwa ndege za kivita mwaka 1920, aliitumia dhaanto kuwapa moyo wapiganaji wake.

Kijana wa Nairobi akiisikia dhaanto inayopigwa kwa kinanda cha umeme na gitaa la besi, atasema bila kusita kwamba hiyo ni rege. Na kijana wa Garissa akiisikia rege ndani ya matatu, atasema hiyo ni dhaanto. Ubishi huu ni wa kweli na una umri. Wanamuziki wa Kisomali wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba pigo lile la pembeni ni la kwao, walilikuta kwa babu zao kabla ya sahani yoyote ya santuri kutoka Karibi kufika Mogadishu.

Inafaa tulitazame pigo hilo huko Karibi nako. Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1950, vijana walikuwa wakisikiliza rhythm and blues ya Marekani kutoka redio za ng'ambo ya bahari, na wenye spika kubwa za mitaani wakipigania nani ana sahani mpya zaidi. Walipoanza kurekodi wenyewe, gitaa na piano ziliacha kupiga pamoja na ngoma zikaingia katikati ya mapigo, kwa pigo fupi lililokatwa mara moja, huku matarumbeta yakichangamka juu yake. Wakauita muziki huo ska. Prince Buster alimleta Count Ossie na wapiga ngoma wake wa Kirastafari studioni, ngoma za milimani ambazo wakubwa wa mji walikuwa wakizidharau. Jamaika ilipata uhuru Agosti 1962 ikiwa inaicheza ska. Mwaka 1964 iliundwa bendi ya Skatalites, na mwaka huohuo binti mdogo Millie Small akaifikisha ska katika kila redio ya Uingereza. Kufikia 1966 mwendo ulipunguzwa, ukawa rocksteady, na miaka miwili baadaye ukazaliwa rege. Mwaka 1979 vijana weusi na weupe wa Coventry, Uingereza, waliifufua ska ya haraka wakaivaa kama vazi lao. Katika njia yote hiyo ndefu kitu kimoja hakikubadilika: iache ngoma ipite, halafu uingie.

Sioni haja ya kuamua nani alimwibia nani. Watu waliozoea kutembea na ngamia na watu waliotolewa Afrika kwa merikebu waliweza, kila mmoja mahali pake, kugundua kwamba wimbo hupumua vizuri ukiachiwa nafasi. Ninachokitetea ni kidogo kuliko hicho, nacho kina uzito: kinapotajwa chuo cha mpigo huo, Garissa nayo itajwe. Ska ina majumba ya makumbusho, vitabu, sanamu na tamasha. Mama aliyenishika mikono hana hata kanda moja yenye sauti yake.

Niliketi karibu na binti wa mwenye nyumba, mwalimu wa shule ya msingi, naye alininong'oneza tafsiri. Ayeeyo alikuwa anasoma buraanbur, ushairi wa wanawake. Alimsifu bibi harusi, akapanda kwenye nasaba ya mama yake, akashuka kwa baba, akawagusa wakwe kwa upole wenye makali, na kila alipomtaja mtu, jamaa za mtu huyo waliruka kutoka kwenye jamvi wakaingia katikati kucheza, wawili wawili, wakizunguka, madirac yakijaa upepo. Vigelegele vilipanda, noti za shilingi mia mbili zikawekwa kwenye ushungi wa ajuza, kama tunavyowatunza waimbaji wa taarabu kwetu.

Nilimuuliza mwalimu mbona kila mstari unasikika kana kwamba una mlio mmoja unaojirudia.

"Anashika herufi," alisema. "Leo ameshika dal. Kila mstari lazima uwe na neno linaloanza na dal. Akiiacha, watamcheka mpaka kesho."

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili ataelewa ukali wa sharti hilo. Sisi tunabanwa na vina, mwishoni na katikati ya mshororo, na ubeti ukiisha tunaruhusiwa kubadili. Msomali hubanwa mwanzoni mwa neno, na sauti aliyoichagua katika mstari wa kwanza humfuata hadi mstari wa mwisho, hata kama shairi lina mistari mia. Mwaka 1979 na 1980 washairi wakubwa wa Somalia, wakiwamo Hadraawi na Gaarriye, walijibizana kwa mlolongo wa mashairi ya kisiasa ulioitwa Deelley, na kila aliyeingia alilazimika kuishika dal hiyohiyo ya wenzake. Ni malumbano ya mfano wa yale ya Muyaka na washairi wa Lamu, ila mlango wa kuingilia ni herufi moja. Ajuza wa Bula Iftin alifanya kazi hiyohiyo kwa kumbukumbu, miguu peku, bila karatasi, huku akiruhusu makofi yamkatize na kuyarudia maneno palepale yalipokatikia. Nimehudhuria maonyesho ya muziki katika majumba yenye viti vya bei kubwa. Sijaona kazi ngumu kuliko hiyo ikifanywa kwa wepesi namna hiyo.

Kuna jambo la kimuziki ambalo sikio la Pwani hulishtukia haraka. Taarabu yetu imelelewa na maqamu ya Kiarabu, yenye vipande vya sauti vilivyo karibukaribu. Muziki wa Kisomali hutembea juu ya sauti tano tu, zenye nafasi kati yake, kama ngazi iliyotolewa vipago viwili. Kwa hiyo hata wimbo wa huzuni una uwazi ndani yake. Ukiweka sauti tano hizo juu ya makofi yanayosubiri, unapata kitu ambacho husikii Lamu wala Zanzibar, ingawa bahari ni moja na dini ni moja.

Muziki wa sehemu hii ulikuwa na wasikilizaji ambao hawakualikwa. Kenya ilipopata uhuru 1963, watu wengi wa iliyokuwa Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini walitaka kuungana na Somalia, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikadumu hadi 1967. Redio Mogadishu, iliyoanzishwa 1951, ilivuka mpaka bila pasi. Ilipeleka hotuba na nyimbo, na katika nyumba ya Msomali wimbo una nguvu kuliko hotuba. Serikali zote mbili zililijua hilo. Makubaliano yaliyotiwa saini Arusha Oktoba 1967 yalizungumzia kurudisha uhusiano mwema, na pia yalizitaka pande mbili zikome kueneza uadui kwa redio na magazeti. Maneno yanayopeperushwa hewani yalihesabiwa pamoja na bunduki.

Wakati huohuo watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, mifugo ikauawa au ikachukuliwa, na sheria za hali ya hatari zikaendelea kuwabana hadi 1991, miaka ishirini na minne baada ya vita kwisha. Mkutano wa watu wengi usiku ulikuwa jambo la kueleza kwa askari. Wazee wa Garissa bado wanasimulia moto wa Bula Karatasi wa 1980, na wa Wajir wanasimulia mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984. Sitayasimulia hapa, yana vitabu vyake. Nayataja kwa sababu mtu anayeuliza kwa nini Garissa haikupata kumbi za dansi kama zile za Nairobi na Mombasa katika miaka ya 1970 anapaswa kuyajua. Bendi huhitaji usiku, na usiku wa Garissa haukuwa mali ya watu wake.

Ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa tofauti kabisa. Mogadishu ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na bendi za kila namna. Nyingi zilikuwa chini ya serikali: Waaberi lilikuwa kundi kubwa la taifa, na Iftin ilikuwa ya Wizara ya Elimu. Iftin maana yake ni nuru, na ni jina lilelile la mtaa nilioketi. Bendi ya Dur-Dur ilikuwa ya watu binafsi, ikapiga katika hoteli za mji muziki uliochanganya dhaanto, funk na rege hadi mtu ashindwe kutenganisha. Nyimbo zake zilivuka mpaka wa Liboi kwa kaseti. Kaseti ilikuwa mgeni wa heshima katika nyika: ilibeba shairi, barua ya sauti kutoka kwa ndugu aliyeko Ghuba, na wimbo wa mwimbaji Magool, vyote upande wa A na upande wa B. Garissa ilisikiliza bendi kubwa ambazo haikupata kuziona.

Somalia ilipoanguka 1991, waimbaji wenyewe walikuja. Kambi ya wakimbizi ya Ifo ilifunguliwa mwaka huo, Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992, zote karibu na Dadaab, zikikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa njaa kuu, ziliwahifadhi zaidi ya 400,000. Bendi ya watu kumi na wawili haiwezi kukimbia pamoja. Mpiga tarumbeta huishia Yemen, mpiga ngoma Ethiopia, mwimbaji Minnesota. Kilichobaki ni mwimbaji mmoja na kinanda kimoja cha umeme ambacho ndani yake mna ngoma, besi na filimbi za bandia. Tangu hapo ndivyo harusi nyingi za ukumbini zinavyochezwa, Garissa hata London: mtu mmoja nyuma ya kinanda, mwingine mbele na kipaza sauti, jenereta nje likinguruma. Wapo wanaokidharau kinanda hicho. Mimi nakiheshimu. Kilibeba bendi nzima katika mkoba mmoja, na vidole vya kushoto vya mpigaji wake vilikumbuka kuingia baada ya ngoma kupita.

Kanda zilizobaki nyuma nazo zina kisa chake. Mji wa Hargeisa uliposhambuliwa kwa mabomu 1988, watu wa redio walizificha kanda zao, nyingine zikafukiwa ardhini. Zilifukuliwa miaka mingi baadaye, na sehemu yake ikatolewa 2017 na kampuni ya Ostinato katika mkusanyo ulioitwa Sweet as Broken Dates, uliofika kwenye orodha ya waliopendekezwa kwa tuzo ya Grammy. Watu wengi walioshangaa kuusikia muziki huo Ulaya na Marekani hawakujua kwamba katika mitaa ya Garissa haukupata kunyamaza.

Sasa nifike kwa Gargar, maana bila wao sura hii ingekuwa ya makumbusho tu. Gargar ni kundi la wanawake Wasomali wa Garissa, na jina lao maana yake ni msaada. Walirekodiwa na Ketebul Music, studio iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007 na Tabu Osusa, yule aliyefuatilia historia ya benga kwa filamu na kitabu. Albamu yao inaitwa Garissa Express, kama jina la basi, na jina hilo limenipendeza tangu nilisikie. Kwa njia hiyo sauti zinazolelewa ndani ya nyua kama ile ya Bula Iftin zilipanda basi zikashuka mbele ya hadhira ya watu wote, wanaume kwa wanawake, walioketi kimya kuzisikiliza.

Ujasiri wa jambo hilo haupimwi kwa macho ya Nairobi. Katika mji wao, wanazuoni wengi wanakataza ala za muziki, wakiruhusu sauti ya mtu na dufu. Na sauti ya mwanamke mbele ya wanaume wasio maharimu wake ni suala lenye uzito wake. Mimi ni Mwislamu na nimekulia katika mjadala huohuo, ambao kwetu Pwani haujaisha tangu siku za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Sipendi unapogeuzwa kuwa hadithi ya wanawake wema na masheikh wabaya. Mama aliyenifundisha makofi anaswali swala tano na hawezi kukubali ala ya umeme ndani ya uwanja wake. Binti yake angependa sana kwenda kuwaona Gargar. Wanaishi nyumba moja, wanakula sinia moja, na siku ya harusi wote wawili hupiga makofi sawasawa.

Kitu tofauti kabisa ni amri inayotolewa kwa bunduki. Aprili 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam waliviamuru vituo vya redio vya Mogadishu viache muziki. Vingi vilitii kwa hofu, na mahali pa nyimbo za kufungulia vipindi vikaweka sauti za risasi, mawimbi, magari na ndege wa porini. Vijana wakimbizi waliounda kundi la Waayaha Cusub, yaani enzi mpya, mtaani Eastleigh, Nairobi, mwaka 2004, wakiongozwa na Shiine Akhyaar Ali, walikuwa wakirap dhidi ya watu wa namna hiyo na walilipia kwa vitisho na damu. Mwaka 2013 walirudi Mogadishu wakaandaa tamasha. Mabasi ya Eastleigh na Garissa hupishana kila siku, na nyimbo zao zilishuka humo pamoja na mizigo.

Halafu tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, wengi wao wakiwa bado na usingizi wa alfajiri. Nilikuwa nimepanga kuandika kurasa nyingi juu ya siku hiyo, nikazifuta. Baada yake serikali iliweka kafyu katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usiku ukachukuliwa tena, kama ulivyochukuliwa miaka ya Shifta.

Nilimuuliza mwenye nyumba walifanyaje harusi zao wakati ule. Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza walifanyaje kupika.

"Tulianza saa nne asubuhi," alisema. "Jua lilituunguza, lakini tuliolewa."

Jibu hilo limenirudia kila ninapowasikia wapangaji wa utamaduni wakisema kaskazini mashariki hakuna maonyesho ya muziki kwa sababu hakuna ukumbi. Nautaka ukumbi huo. Nautaka ujengwe Garissa, uwe na taa nzuri, uwe na siku za wanawake peke yao na siku za watu wote, na waimbaji walipwe kwa kazi yao badala ya kuitwa sikukuu za kitaifa kuwachezea wakubwa kwa dakika tano kwenye jua kali, kisha wapewe soda. Nataka pia mtu mwenye mashine na subira aende akaziweke sauti za kina ayeeyo kabla hawajaondoka nazo, kwa ruhusa yao na kwa masharti yao, na ikiwa watasema ziwe za kusikilizwa na wanawake tu, basi na iwe hivyo. Lakini asije mtu akadai kwamba muziki wa hapa unasubiri ukumbi ndipo uanze.

Kabla ya magharibi ngoma ilipumzika. Sinia za wali na nyama ya mbuzi zilipita, kisha chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na moshi. Bibi harusi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dhahabu ya bandia, hina hadi viwikoni, macho chini. Ayeeyo alikuwa ameegemea mto, akinywa chai kwa sauti, amechoka kama mkulima. Mwalimu alimwambia kwamba mgeni huyu ametoka Mombasa na anataka kuandika habari za makofi. Ajuza alicheka hadi akapaliwa. Alisema jambo kwa Kisomali na wote walio karibu wakacheka naye.

"Anasema makofi hayaandikwi," mwalimu alinitafsiria. "Anasema uoze binti hapa, utayajua."

Muadhini alipoanza, wanawake walisimama, mabuibui yakashuka kutoka kwenye kamba, rangi zote zikafunikwa. Mlangoni kila mmoja aliinama kuchukua simu yake kutoka kwenye beseni, na msichana yule alimpa kila mtu ya kwake bila kukosea hata moja, ingawa nusu ya simu zile zilifanana. Ya mwisho ilikuwa yangu. Aliponipa, beseni likabaki tupu. Akaligeuza, akaliweka kati ya magoti, akaanza kuligonga kwa kiganja polepole, mdogo wake wa miaka mitano akisimama mbele yake akijaribu kupiga makofi. Mtoto aliwahi. Msichana akasimamisha mkono, akatikisa kichwa, akaanza upya.

Mtoto aliwahi tena. Dada yake akaanza upya.